Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Uteuzi wa Mji Mwenyeji wa Kongamano la Kimataifa la UKIMWI, 1985–2022

Ikisiri

Insha hii inachunguza jinsi miji ya kuandalia Kongamano la Kimataifa la UKIMWI ilivyoteuliwa, ilivyokataliwa na ilivyobadilishwa kati ya mwaka 1985 na 2022. Matukio matatu yanapewa uzito: kuhamishwa kwa kongamano la 1992 kutoka Boston kwenda Amsterdam, kufanyika kwa kongamano la 2000 mjini Durban licha ya miito ya kulisusia, na kukosa viza kwa wajumbe wengi wa Afrika kabla ya kongamano la Montreal la 2022. Hoja kuu ni kwamba uteuzi wa mji si shughuli ya kiutawala inayotangulia sayansi, bali ni sehemu ya sayansi yenyewe, kwa kuwa waliomo ukumbini ndio wanaoamua ni swali gani liulizwe. Insha inapendekeza kutofautisha kati ya mwenyeji anayemfungia mgeni mlango na mwenyeji anayebishana na mgeni aliyekwisha kumkaribisha.

1.0 Utangulizi

Historia ya tiba imezoea kufuata maabara, hospitali na sera. Kongamano hutajwa humo kama mahali ambapo matokeo fulani yalitangazwa, kisha msimulizi hurejea maabara. Lakini kabla ya tokeo lolote kutangazwa, huwa kuna watu waliokwisha kuamua litangaziwe wapi. Waandaaji hupima ukubwa wa ukumbi, idadi ya vitanda katika hoteli, safari za ndege, gharama na usalama. Maamuzi hayo hufanywa miaka kadhaa kabla ya siku ya ufunguzi, na mara nyingi hayaonekani kuwa na uzito wa kuandikwa.

Kongamano la Kimataifa la UKIMWI linaudhihirisha uzito huo kuliko makongamano mengine ya tiba. Daktari wa moyo mwenye maradhi ya moyo anaweza kuhudhuria kongamano la fani yake bila afisa wa uhamiaji kuuliza habari za moyo wake. Kwa UKIMWI haikuwa hivyo. Katika nchi kadhaa, kuwa na virusi vya UKIMWI (VVU) kulikuwa sababu ya kisheria ya kuzuiwa kuvuka mpaka. Hivyo kuuchagua mji kulikuwa pia kuichagua sheria ya nchi ulimo mji huo, na kuichagua sheria kulikuwa kuwachagua wajumbe.

Methali ya Kiswahili isemayo “Mgeni njoo, mwenyeji apone” inatumika hapa kama kiunzi cha uchambuzi. Kwa kawaida methali hii husemwa kwa bashasha mlangoni, lakini ndani yake mna madai mawili: kwamba mwenyeji ni mgonjwa, na kwamba uponyaji wake umo katika ujio wa mtu wa nje. Kutokana na madai hayo yanazuka maswali mawili yanayoiongoza insha. Je, inakuwaje pale mwenyeji anapokataa mgeni asiingie? Na inakuwaje pale mgeni anapofika kwa mwenyeji asiyekubali utambuzi wa maradhi yake?

2.0 Miji ya Mwanzo: Ukumbi Kufuata Maabara

Kongamano la kwanza lilifanyika Atlanta mwezi Aprili 1985. Yaliyofuata yalifanyika Paris 1986, Washington 1987, Stockholm 1988 na Montreal 1989. Mantiki ya miji ya mwanzo haifichiki. Atlanta ndiyo makao makuu ya taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa. Paris ina Taasisi ya Pasteur, ambako kirusi kilitengwa kwa mara ya kwanza mwaka 1983. Na Washington inapakana na taasisi za taifa za utafiti wa afya. Ukumbi uliifuata maabara.

Ugonjwa, hata hivyo, haukuifuata maabara. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera. Ng’ambo ya pili ya mpaka, huko Rakai nchini Uganda, madaktari walikuwa wakiona watu wanaokonda hadi kufa, na mwaka 1985 maelezo ya ugonjwa huo yalichapishwa katika jarida la Lancet kwa jina ambalo wanavijiji wenyewe walikuwa wakilitumia, Slim. Mgonjwa wa Kagera au wa Rakai alikuwa tayari ni mada ya utafiti wa kimataifa. Hakuwa mjumbe.

Hali hiyo ilidhihirika zaidi katika mfululizo mwingine wa mikutano, ule uliohusu UKIMWI barani Afrika peke yake. Mkutano wa kwanza ulifanyika Brussels mwezi Novemba 1985, na wa pili Naples mwaka 1987. Watu walikutana Ulaya kuijadili Afrika. Ni mkutano wa tatu, wa Septemba 1988, uliofanyika katika ardhi ya Afrika, nao ulifanyika Arusha. Mji huo ulikuwa na kituo cha mikutano ya kimataifa, katika majengo yaliyokusudiwa kuwa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyovunjika mwaka 1977. Mwaka 1989 mkutano ulirudi Ulaya, mjini Marseille. Kuanzia Kinshasa 1990 na Dakar 1991 haukutoka tena Afrika: ulipita Kampala 1995, Nairobi 2003 na Kigali 2019, miongoni mwa miji mingine.

Mfululizo huu wa Afrika hutajwa kwa nadra pale historia ya makongamano inapoandikwa, ilhali ndio uliotangulia kutoa jibu kwa swali lililokuja kusumbua kongamano kubwa. Miaka 12 kabla ya Durban, Arusha ilikwisha kuonyesha kwamba mkutano wa kisayansi kuhusu UKIMWI ungeweza kufanyika karibu na wagonjwa. Kilichokosekana katika kongamano kubwa hakikuwa ushahidi wa uwezekano, kilikuwa nia.

3.0 San Francisco na Boston: Mwenyeji Anapofunga Mlango

Mwaka 1987 Marekani iliweka VVU katika orodha ya magonjwa yanayomzuia mgeni kuingia nchini humo. Athari ya katazo hilo ilionekana waziwazi mwezi Aprili 1989, pale Hans Paul Verhoef, Mholanzi aliyekuwa akifanya kazi ya elimu ya UKIMWI na mwenyewe akiishi na ugonjwa huo, alipokamatwa katika uwanja wa ndege wa Minneapolis na St. Paul. Alikuwa safarini kwenda San Francisco kuhudhuria mkutano wa afya. Dawa zilizokutwa katika mizigo yake ndizo zilizomfichua, akawekwa kizuizini kabla ya kuruhusiwa kuendelea na safari.

Ikumbukwe kwamba San Francisco ilikuwa imekwisha kuteuliwa kuandaa kongamano la Juni 1990. Kama mji, ilistahili. Hospitali na vikundi vyake vya kujitolea vilikuwa vimejenga mfumo wa kuwahudumia wagonjwa uliosifiwa na kuigwa kwingi. Lakini mji hauna mpaka wake wenyewe. Mlango wake unashikwa na serikali kuu. Serikali ya Marekani ilijaribu kutafuta njia ya kati kwa kutoa viza maalumu ya siku 10 kwa wahudhuriaji, ambayo haikumtaka mwombaji kutaja hali yake ya VVU. Mashirika mengi hayakuridhika. Viza ya aina hiyo, walisema, ilikuwa yenyewe alama katika hati ya kusafiria: yeyote aliyekuwa nayo angeweza kushukiwa. Baadhi ya mashirika, yakiwemo ya Msalaba Mwekundu, yalisusia. Siku ya mwisho Waziri wa Afya wa Marekani, Louis Sullivan, alihutubia huku sauti yake ikimezwa na kelele na filimbi za waandamanaji waliokuwa ndani ya ukumbi.

Kongamano la 1992 lilikuwa limepangiwa Boston, chini ya udhamini wa taasisi ya UKIMWI ya Chuo Kikuu cha Harvard, mwenyekiti wake akiwa Jonathan Mann. Uzoefu wa Mann una maana kwa hoja yetu. Kabla ya kuongoza mpango wa UKIMWI wa Shirika la Afya Duniani, alikuwa Kinshasa akiongoza mradi wa utafiti ulioanzishwa mwaka 1984. Katika kazi yake baada ya hapo alishikilia kwamba ubaguzi dhidi ya mgonjwa si jambo la huruma tu, bali ni kikwazo cha kuudhibiti ugonjwa: anayeogopa kufungiwa mlango hujificha, na anayejificha hapimwi wala hatibiwi.

Mwezi Januari 1991 wizara ya afya ya Marekani ilipendekeza kuiondoa VVU katika orodha ya makatazo. Upinzani wa kisiasa ukawa mkali, na baada ya miezi michache pendekezo likarudishwa nyuma. Agosti mwaka huohuo waandaaji walitangaza kwamba kongamano halitafanyika Boston. Ilikuwa imebaki chini ya mwaka mmoja. Kongamano lilipelekwa Amsterdam, likafanyika Julai 1992, Mann akiwa bado mwenyekiti.

4.0 Amsterdam: Faida na Mpaka wa Ususiaji

Ni rahisi kuisimulia hadithi ya Boston na Amsterdam kama ushindi. Mwanahistoria hana budi kuupima ushindi huo. Kwanza, Marekani haikulegea. Mwaka 1993 Bunge lake liliandika katazo hilo katika sheria, likawa gumu kuondolewa kuliko lilipokuwa kanuni ya wizara. Pili, ususiaji haukuwafikia waliokuwa wakiumizwa zaidi na katazo hilo. Wakati wajumbe wakikutana Amsterdam, Wahaiti zaidi ya 200 waliokuwa wakitafuta hifadhi walikuwa wamezuiliwa katika kambi ya kijeshi ya Guantanamo kwa sababu wao au jamaa zao walikuwa na VVU. Waliachiliwa kwa amri ya mahakama mwaka 1993. Tatu, kuhama kwa ukumbi kulimnyima nafasi mgonjwa maskini wa Boston au New York, aliyeweza kupanda basi lakini hakuweza kupanda ndege.

Kwa kipimo cha matokeo ya haraka, basi, uamuzi wa 1991 ungeweza kuhesabiwa kuwa umeshindwa. Lakini kipimo hicho hakitoshi. Uamuzi ule uliacha kanuni: tangu hapo Jumuiya ya Kimataifa ya UKIMWI haikupeleka kongamano lake katika nchi inayowazuia wageni wa muda mfupi kwa sababu ya VVU. Marekani, nchi yenye fedha nyingi zaidi za utafiti wa ugonjwa huu, ilikaa miaka 22 bila kuliandaa, kuanzia 1990 hadi 2012. Katazo la kisheria lilifutwa na Bunge mwaka 2008, na kanuni iliyobaki ikaondolewa kuanzia Januari 2010. Ndipo Washington ikapewa kongamano la Julai 2012. Insha hii haidai kwamba ususiaji ndio uliobadilisha sheria. Mabadiliko hayo yalikuwa na wapiganiaji wengi ndani ya Marekani. Inachodai ni kwamba kanuni ya waandaaji iliipa gharama ya wazi sheria ambayo vinginevyo ingewaumiza watu mmoja mmoja, kimyakimya, kwenye madirisha ya uhamiaji.

5.0 Durban: Mgeni kwa Mwenyeji Anayebisha

Baada ya Amsterdam kongamano lilikwenda Berlin 1993, Yokohama 1994, Vancouver 1996 na Geneva 1998. Vancouver inakumbukwa kwa furaha, kwa sababu huko ndiko mchanganyiko wa dawa tatu ulipothibitishwa kuwa unaweza kuvidhibiti virusi. Furaha hiyo ilikuwa na anwani. Dawa hizo ziligharimu zaidi ya dola 10,000 za Marekani kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Kwa makadirio ya UNAIDS, hadi mwisho wa 1999 watu milioni 34.3 duniani walikuwa wakiishi na VVU, na kati yao milioni 24.5 walikuwa Afrika kusini mwa Sahara. Kongamano lilikuwa limefanyika mara 12 bila kukanyaga bara hilo.

Durban iliteuliwa kwa Julai 2000. Kwa vigezo vya kiufundi ilikuwa tayari: kituo chake cha mikutano ya kimataifa kilikuwa kimefunguliwa mwaka 1997. Isitoshe, ilikuwa katika KwaZulu-Natal, jimbo lililokuwa na maambukizi makubwa kuliko mengine yote ya Afrika Kusini. Mwenyekiti alikuwa Hoosen Coovadia, daktari wa watoto wa mjini hapo.

Tatizo lilitokea upande ambao haukutarajiwa. Rais Thabo Mbeki alianza kutilia shaka kwamba VVU ndivyo chanzo cha UKIMWI, na mwaka 2000 aliunda jopo la ushauri lililowaweka pamoja wanasayansi na wale waliokuwa wakikana uhusiano huo. Baadhi ya watafiti wa nje walitaka kongamano lisusiwe. Hoja yao ilifanana na ile ya Boston: serikali mwenyeji inatenda kinyume cha sayansi, kwa nini tuipe heshima ya kutukaribisha?

Hapa ndipo tofauti inayopendekezwa na insha hii inapokuwa na kazi. Serikali ya Marekani ya 1991 haikukana chanzo cha ugonjwa, ilimkataa mgonjwa. Serikali ya Afrika Kusini ya 2000 haikumfungia mgonjwa mpaka. Ilikikana chanzo cha ugonjwa. Katika hali ya kwanza mkutano wa kweli hauwezekani, kwa kuwa upande mmoja wa mazungumzo umeachwa nje. Katika hali ya pili mkutano unawezekana, na kwa sababu ya ubishi huohuo unahitajika zaidi. Kuisusia Durban kungekuwa kumwacha mwenyeji na maradhi yake, na kuwaacha mamilioni ya watu wake bila shahidi.

Waandaaji walikataa kuhama. Badala ya kususia, wanasayansi na madaktari zaidi ya 5,000 walitia saini Tamko la Durban, lililothibitisha kwamba VVU husababisha UKIMWI, likachapishwa katika jarida la Nature kabla tu ya ufunguzi. Tarehe 9 Julai maelfu ya watu waliandamana mjini wakidai dawa, wakiongozwa na kikundi cha Treatment Action Campaign na washirika wake. Jioni hiyo, katika uwanja wa kriketi wa Kingsmead, Mbeki alihutubia bila kutamka walichongoja wengi. Alisisitiza umaskini kuwa muuaji mkuu. Katika ufunguzi huohuo alisimama Nkosi Johnson, mtoto wa miaka 11 aliyezaliwa na VVU, akaiomba serikali iwape dawa akina mama wajawazito. Alifariki mwaka uliofuata.

Siku zilizofuata Edwin Cameron, jaji wa Afrika Kusini anayeishi na VVU, alitoa mhadhara wa kumkumbuka Jonathan Mann, aliyefariki katika ajali ya ndege mwaka 1998. Alieleza kwamba yu hai kwa sababu mshahara wake ulimwezesha kununua dawa, ilhali Waafrika wengi walikuwa wakifa kwa kukosa fedha hizo. Nelson Mandela alifunga kongamano kwa kutaka mabishano yawekwe kando na akina mama wapewe dawa za kuwakinga watoto wao.

Tunaona hapa jinsi mahali palivyobadilisha swali. Vancouver iliuliza kama dawa zinafanya kazi. Durban iliuliza ni nani anayezipata. Taarifa zilizohitajika kuuliza swali la pili zilikuwapo mwaka 1996. Bei ilijulikana, idadi ya wagonjwa ilijulikana. Kilichobadilika ni kwamba mjumbe aliyetoka hotelini kwenda ukumbini Durban alipita katika mji ambao wagonjwa wake hawakuwa na dawa, na wagonjwa hao walikuwa barabarani wakimweleza hivyo.

Yaliyofuata yanajulikana. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ilitangaza kuuza mchanganyiko wa dawa tatu kwa dola 350 kwa mwaka. Aprili mwaka huo kampuni za dawa ziliondoa mahakamani mjini Pretoria kesi yao dhidi ya serikali ya Afrika Kusini. Mwaka 2002 Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, Kifua Kikuu na Malaria ulianza kazi, na Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ikaiamuru serikali kuwapa wajawazito nevirapini. Haitakuwa sahihi kuyahesabu yote haya kuwa matunda ya wiki moja ya Julai. Hata hivyo, mwenyeji aliyeponywa na mgeni wakati huu hakuwa serikali. Alikuwa raia aliyeikuta dunia imeketi mlangoni kwake, akasikilizwa.

6.0 Montreal: Mlango Usio na Jina la Ugonjwa

Ingewezekana kuifunga hadithi hii kwa Washington 2012, au kwa kurudi Durban mwaka 2016. Mwaka 2022 unazuia hitimisho hilo la raha. Kongamano la 2020, lililopangiwa San Francisco na Oakland, lilifanyika kwa intaneti kwa sababu ya UVIKO-19. Lile la Julai na Agosti 2022 liliwaita watu tena ukumbini, Montreal. Canada haikuwa na katazo la VVU kwa wageni wa muda mfupi, hivyo kanuni iliyorithiwa kutoka 1991 haikuvunjwa. Hata hivyo, mamia ya wajumbe, wengi wao wa Afrika, walinyimwa viza au hawakujibiwa kwa wakati. Baadhi yao walikuwa wamealikwa kuwasilisha tafiti zao. Winnie Byanyima, mkurugenzi mtendaji wa UNAIDS na raia wa Uganda, alieleza hadharani kwamba yeye mwenyewe nusura azuiwe kupanda ndege mjini Geneva.

Sababu zilizotolewa kwa wengi hazikutaja ugonjwa. Zilihusu shaka kwamba mwombaji hatarudi kwao. Mlango uliofungwa mwaka 1987 kwa jina la virusi ulifungwa mwaka 2022 kwa jina la umaskini wa nchi atokako mtu, na anayeachwa nje ni yuleyule. Kanuni ya Amsterdam ilitungwa kumlinda mgonjwa dhidi ya sheria inayomtaja. Haina meno mbele ya utaratibu usiomtaja.

7.0 Hitimisho

Insha imeonyesha kwamba uteuzi wa mji mwenyeji ulipitia mantiki tatu: ukumbi kufuata maabara, ukumbi kuikimbia sheria ya ubaguzi, na ukumbi kwenda walipo wagonjwa. Ya pili iliacha kanuni, ya tatu ilibadilisha swali la kisayansi. Tofauti kati ya mwenyeji anayefunga mlango na mwenyeji anayebisha inaeleza kwa nini ilikuwa sawa kuiacha Boston na ikawa sawa vilevile kubaki Durban, ingawa kwa juu juu maamuzi hayo mawili yanapingana.

Kwa mtafiti, matokeo haya yanadai kwamba hati za waandaaji, zikiwemo barua za viza zilizokataliwa, zihifadhiwe na kusomwa kwa uzito uleule unaopewa mihtasari ya tafiti. Kwa waandaaji, yanadai kigezo kipya. Tangu 1991 wamekuwa wakiiuliza nchi mwenyeji kama sheria yake inamzuia mtu mwenye VVU. Swali hilo lilikuwa sahihi kwa wakati wake. Baada ya Montreal linalopaswa kuulizwa ni ni wangapi kati ya walioalikwa watakaoruhusiwa kuingia, na jibu lipatikane kabla ukumbi haujalipiwa. Methali inasema mgeni aje kwanza, ndipo mwenyeji apone.